Maziwa ya Pradosha: Keshero hadi Mushaki na Kurudi

Safari hii niliifanya kwa ubishi, sitaficha. Mwanangu Anil, anayeishi Kampala, alinipigia simu akasema mji umekosa hata maziwa ya kumwogeshea Mungu, basi nakaa Goma kufanya nini? Alikuwa amesikia kwamba pradosha iliyopita niliifanya kwa maji matupu.

Pradosha ni siku ya kumi na tatu ya mwezi mwandamo, unapokua na tena unapopungua. Sisi Wahindu tunaomwabudu Shiva hufunga kutwa, na jua linapozama tunaliogesha jiwe lake kwa maziwa mabichi. Ya sokoni Goma yametiwa maji, ya kopo ni unga, na mimi unga simpi Mungu. Yangu yalikuwa yakitoka Mushaki, kwenye malisho ya Masisi, kwa mfugaji mmoja aitwaye Mama Furaha. Dereva wa pikipiki, Jules, ndiye aliyekuwa akiniletea kwenye bidon, dumu la plastiki. Kisha yakakoma ghafla, na Jules akawa hana la kueleza ila kukuna kichwa.

"Ni vita, Mama," Anil alisema. "Ukikosa tena, nakuja kukuchukua."

"Nikikosa, njoo," nilimjibu. "Nikipata, usinitajie tena Kampala."

Nimezaliwa Goma, nimeolewa Goma, nimefiwa na mume Goma. Nyumba yangu imejengwa juu ya lava iliyomeza ile ya kwanza. Watu wanipangie kuondoka kwa sababu ya bidon moja? Hapana.

Keshero, mtaani kwangu Goma, alfajiri. Nilioga, sikutia kitu mdomoni, nikajifunga kitenge na kumfuata Jules barabarani.

"Mama Anil, leo barabara iko mubaya," alisema.

"Ilikuwaka muzuri siku gani?" nilimuuliza, nikapanda.

Tulitoka mjini ziwa likiwa kushoto kwetu, vumbi jeusi likinijaa masikioni. Mpaka mji mdogo wa Sake nilikuwa nimeshahesabiwa na kila mwenye bunduki kuwa ni kichaa: Mhindi, mwanamke wa umri wangu, juu ya pikipiki. Sikuwajibu. Baada ya Sake njia ilianza kupanda, baridi ikaja, na milima ikafunguka yote kijani, ng'ombe wamesambaa hadi juu kabisa. Nilisahau hasira kwa muda. Kisha njaa ikanikumbusha nilikokuwa nakwenda.

Mushaki, kabla ya adhuhuri. Mama Furaha sikuwahi kumwona. Nilikuta mwanamke mrefu, mkavu, kitambaa cheupe kichwani na rozari shingoni. Alinipokea vizuri sana, akanipa kiti, akaniletea maziwa kwenye chombo cha mti, kama wafugaji wanavyomkaribisha mgeni. Nikainamisha kichwa.

"Unisamehe, mama. Leo nimefunga. Siwezi kunywa mpaka jua izame."

Alibaki amekishika kile chombo.

"Unakatala maziwa yangu kuikunywa," alisema polepole, "halafu unakuya kuiomba juu ya kuimwanga ku libwe, ile jiwe yako?"

"Nani alikuambia?"

"Jules. Miye nilikuwa nazani munaikunywaka. Kwetu maziwa haimwangwe chini. Ukimwanga, ngombe inakauka. Ni miye nilimukataza kuibeba."

Niligeuka kumtazama Jules. Alikuwa amechuchumaa, anakagua gurudumu ambalo halikuwa na tatizo lolote.

Kumbe haikuwa vita. Vita nimeizoea, najua namna ya kupita pembeni yake. Mwanamke aliyeniambia hapana uso kwa uso, kwa heshima ya ng'ombe wake, huyo sikuwa nimejiandaa kwa ajili yake. Na niseme kweli, nilimpenda papo hapo. Lakini sikuwa nimepanda milima ile ili nirudi mikono mitupu.

"Haigusi chini," nilimwambia. "Jiwe liko juu ya sahani, sahani iko na mudomo, na chini ya mudomo kuko beseni."

"Unaapa?"

"Siapi. Panda pikipiki tushuke, uone na macho yako. Tone moja ikianguka chini, unarudi na bidon yako, na sitakuomba tena."

Alinitazama sana. Kisha akaenda kukamua mwenyewe.

Sake, alasiri. Tulishuka watatu juu ya pikipiki moja, bidon mapajani mwa Mama Furaha. Mimi sikuruhusiwa hata kuigusa. Kwenye kizuizi kijana mwenye bunduki alisema ifunguliwe.

"Haifunguke," alisema Mama Furaha. "Iyi ni ya Mungu."

"Mungu gani?"

Alinielekeza kwa kidevu. "Uliza huyu. Ni wa kwake."

Jua lilikuwa linashuka. "Wa kwangu anaogeshwa jua ikizama," nilimwambia, "na jua haitatungojea."

Sijui alicheka au alichoka. Kamba ilishushwa, Jules akaondoka kabla mtu hajabadili mawazo.

Keshero, jua likizama. Niliwasha taa ya samli, nikaweka simu ukutani ili Anil aone kutoka Kampala. Mbele ya jiwe kuna fahali wa shaba amelala, na desturi yetu ni kumtazama Shiva katikati ya pembe zake. Mama Furaha aliinama akachungulia.

"Pembe iko fupi," alisema. "Lakini nundu iko sawa."

Nilipoanza kumimina nikitaja jina la Mungu, alipiga magoti, akashika beseni kwa mikono miwili, macho hayakubanduka kwenye ule mdomo wa sahani. Midomo yake ilikuwa inasema Salamu Maria. Kila mtu na maombi yake. Tone moja likamrukia mkononi, akalikung'utia ndani ya beseni.

Tulipomaliza nikalichukua beseni kuelekea bustanini, maana mama mkwe wangu alinifundisha kwamba yanayobaki humiminwa kwenye shina la ua. Nilimkuta Mama Furaha amesimama mlangoni.

"Na ku maua pia ni chini," alisema.

Miaka yote hiyo sikuwahi kubishiwa juu ya ibada yangu ndani ya nyumba yangu. Nilifikiri kidogo, nikaita majirani waje na vikombe. Mama Furaha mwenyewe hakunywa, alisema dini yake haimruhusu. Nami sikumlazimisha.

Anil alikuwa bado kwenye simu. "Leo umebahatika, Mama. Na zijazo?"

Mama Furaha akaichukua simu ukutani. "Mutoto, ni miye mwenye ngombe. Maziwa iko. Mama yako muache kwake."

Nilichojifunza njiani ni hiki: nilikuwa najiona nalilinda jiwe langu peke yangu katika mji huu, na haikuwa kweli. Yuko mwanamke wa Mushaki asiyemwamini Mungu wangu, na bado alipita mbele ya bunduki kwa ajili ya maziwa ya Mungu huyo.

Mama Furaha alinirudishia simu. Kisha Anil akauliza, kwa sauti ndogo, "Mama, umekula?"

"Bado," nilimjibu. "Nakula sasa hivi. Hapa kwangu, Goma."