Jina Kwenye Ukuta wa Shule

Tofali lililoiva vizuri hulia. Ukiligonga kwa jingine hutoa mlio mwembamba, kama sufuria tupu iliyoguswa na kijiko, na lile lililochomwa nusunusu hutoa sauti fupi na nzito, basi. Msimu ule wa mvua, baada ya majeshi mawili ya kigeni kupigana katikati ya mji wetu wa Kisangani kana kwamba sisi hatumo ndani yake, niliamka kila asubuhi kwa mlio huo. Mama alikuwa nyuma ya nyumba yetu ya Mangobo, amekaa juu ya beseni lililogeuzwa, akiokota matofali kutoka kwenye kifusi cha ukuta wetu na kuyajaribu mojamoja karibu na sikio. Mazuri aliyapanga kulia, mabovu kushoto. Harufu ya vumbi la saruji kuukuu ilichanganyika na ya moshi wa majirani waliokuwa wakipika pondu, yaani kisamvu, na mimi, binti wa miaka tisa, nilikuwa na kazi ya kuyakwangua matofali ya kulia kwa kisu butu. Nilichukia kazi ile. Kwamba siku moja ujenzi ndio utakaonilisha, hilo sikulijua.

Watu wote walimwita Mama Véro, kwa sababu Véro ni mimi. Jina lake mwenyewe lilikuwa limewekwa mahali pamoja na gauni la harusi, halitolewi. Baba alikuwa ameshuka na boti hadi Basoko kuuza chumvi, mto ukafungwa nyuma yake, na tangu hapo hatukuwa na habari zake ila zile za kuambiwa na watu walioambiwa na watu. Tulibaki wanne: mama, mimi, mdogo wangu Trésor aliyekuwa bado ananyonya, na Tonton Dieudonné, mdogo wake mama, aliyeendesha toleka, yaani baiskeli ya kubeba abiria. Tonton alikuwa mtu wa mzaha na moyo mwema, lakini kuhusu ujenzi alijua tu kwamba nyumba ina mlango. Aliyejua ni mama. Babu yetu alikuwa fundi mwashi wa misheni kule Isangi, na kwa kuwa kupima kwa mpira wa maji kunataka watu wawili, na Tonton alikuwa bado anatambaa, babu alimtumia binti yake. Alimfundisha kila kitu, kisha akamwoza.

Mpira wa maji ni kitu rahisi. Ni bomba la plastiki linaloonyesha ndani. Unalijaza maji, unapeleka ncha moja kona hii na nyingine kona ile, na pale maji yanapotulia pande zote mbili ndipo unapochora alama ya kuanzia ukuta. Maji hayakosei, isipokuwa kama ndani ya bomba kumebaki povu la hewa. Babu alimzoeza mama kulikagua bomba lote kuanzia mwanzo hadi mwisho, taratibu, kama mtu anayetoa miiba kwenye samaki wa mtoto. Fundi Raphaël, ambaye mama alimwita aje kuusimamisha upya ukuta wa chumba chetu cha kulala, hakuwa na subira hiyo. Mama alimwita kwa sababu ndivyo kazi ilivyokuwa imepangwa: mwanamke alibeba mchanga, alibeba maji, alibeba matofali hadi kwenye kamba ya msingi, na hapo akasimama. Mafundi walisema mwanamke akiivuka kamba ukuta utapasuka. Kwamba kuta za mji mzima zilikuwa zimepasuliwa na mizinga ya wanaume, hilo halikumsumbua hata mmoja wao.

Mama aliliona povu akiwa upande wa pili wa kamba, beseni kichwani. Alimwambia fundi kwa adabu kwamba kuna hewa ndani ya mpira. Fundi hakuinua hata kichwa. “Mama Véro,” alisema, “weye leta maji. Mambo ya mpira iko ya mafundi.” Mama akaleta maji. Ukuta ukapanda, na ulipofika juu upande wa kulia ulikuwa chini kwa upana wa vidole vitatu. Fundi Raphaël akaliziba pengo kwa vipande vya tofali na udongo, akatuaga, akaenda zake. Mvua kubwa ya kwanza iliuchukua udongo wote ule. Mti wa paa ulilala, bati likafunguka, maji yakamwagika kwenye kitanda alicholala Trésor. Namkumbuka mama akiwa amempakata, amelowa, na mimi nikidhani analia. Alikuwa na hasira, na hasira ile nimeirithi nzima.

Kulipokucha alivaa suruali kuukuu ya baba, akaubomoa ukuta kwa mikono yake, akaanza upya. Ilimchukua siku tisa. Mimi nilishika ncha ya pili ya mpira, na nikapigwa marufuku kucheka, kupiga chafya wala kumtazama mtu anayepita njiani. Kamba aliivuka mara mia kwa siku, na hakuna kilichopasuka. Majirani walipita, wakatazama ile suruali zaidi kuliko walivyoutazama ukuta, wakasema vita imetuharibia wanawake. Lakini ukuta ulipokamilika ulinyooka hata mimi niliona aibu kuuegemea, na mama alisimama mbele yake, mikono kiunoni, akiwa na uso ambao sikuwa nimeuona tangu baba aondoke. Alitaka kitu kimoja, na aliniambia mwenyewe tukiwa tunaosha beseni: alitaka kuushika mwiko mbele za watu na kuitwa fundi, kama baba yake.

Nafasi ikaja yenyewe hadi mlangoni. Kombora lilikuwa limechukua ukuta wa madarasa mawili ya shule yetu ya msingi, tulisomea barazani mwa kanisa, na mvua ikinyesha tulirudishwa nyumbani. Kamati ya wazazi ilikuwa ikitafuta fundi. Wakaja wanaume watatu wakiongozwa na Papa Mwenyekiti, karani mstaafu mwenye miwani iliyofungwa kwa waya, maana walikuwa wamesikia kuna ukuta mzuri Mangobo. Waliupapasa, wakauwekea timazi, wakatingisha vichwa kwa furaha. Papa Mwenyekiti akauliza nani ameujenga.

“Ni miye,” mama alisema.

Walicheka kidogo, kwa heshima, wakangoja. “Bon, mama, tumesikia,” alisema Papa Mwenyekiti. “Lakini fundi mwenyewe ni nani?”

“Ni miye, papa.”

Safari hii hawakucheka. Walitazamana namna watu wanavyotazamana mbele ya mtu ambaye mabomu yamemgusa akili. Papa Mwenyekiti akaishusha sauti kama anayezungumza na mgonjwa. “Mama, watoto ya shule wako inje, mvua inawapiga. Donc utuambie tu, fundi iko wapi?”

Mama alinitazama mimi, kisha madaftari yangu yaliyokuwa yameanikwa kwenye kamba ya nguo kwa sababu yalilowa kanisani. “Ni ndugu yangu,” alisema. “Dieudonné.” Tonton, aliyekuwa akijaza upepo gurudumu kwenye kona ya ua, aliacha pampu ikaanguka.

Basi shule yetu ikajengwa na mtu wa baiskeli. Nasema hivi kwa sababu ndivyo inavyosemwa mpaka leo. Tonton alivalishwa kofia ya baba na kusimamishwa mbele, penseli sikioni. Mama alitandaza hema la plastiki kwenye miti, eti kuikinga saruji na mvua, na nyuma ya hema akapanga matofali yote, kutoka la kwanza hadi la mwisho. Akija mtu wa kamati, mwiko ulihamia mkononi mwa Tonton na beseni kichwani mwa mama kwa haraka niliyoiona mara nyingi hata ikaacha kunichekesha. Tonton alijifunza maneno matano, akayasema yote kwa kila mgeni. Mikono yake ilibaki laini. Ya mama ilipasuka kwa saruji, na kila jioni aliipaka mawese huku akikunja uso, na hakuna mjumbe hata mmoja wa kamati aliyejiuliza kwa nini mbeba mchanga ana vidole vya mwashi. Walikuwa na macho, walikuja kila siku, na mimi bado sielewi walikuwa wanatazama nini.

Siku ya kumaliza, Papa Mwenyekiti alitaka jina la fundi liandikwe kwenye lipu mbichi karibu na mlango. Mwalimu akasema mwandiko mzuri darasani ni wa Véro. Nikapewa msumari. Nilimtazama mama, aliyesimama nyuma ya watu na beseni tupu kiunoni, nikingoja anikataze. Alinitikisia kichwa, niandike. Nikaandika FUNDI DIEUDONNÉ, kwa herufi za kusimama, na watu wakapiga makofi, na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahia makofi yale. Tonton alipewa kuku. Nyumbani mama alimpika kuku yule, na firigisi akapewa Tonton, kwa sababu firigisi ni ya mwanamume. Alikula akiwa ameinama. Nilimkasirikia kwa kula na nikamkasirikia mama zaidi kwa kupakua.

Baba alirudi mto ulipofunguliwa. Mimi nilisoma ujenzi hapa hapa Kisangani, wasichana wawili katika darasa zima, na yule mwenzangu sasa anauza vitenge. Ninasimamia kazi yangu, ninavaa kofia ngumu iliyoandikwa jina langu, na bado lori la mchanga likifika dereva huniuliza ingénieur yuko wapi. Nikimwambia ni mimi, husema sawa mama, halafu huenda kumtafuta mwanamume yeyote aliye karibu amtilie sahihi. Wanawake wanaobeba mchanga hadi kwenye kamba ni wengi kuliko zamani. Kuhusu kupasuka kwa ukuta hakuna anayesema tena. Siku hizi wanasema ni kwa usalama wao. Tonton alipofariki, mhubiri alimsifu kama mtu aliyeiinua shule wakati mji umelala kifudifudi. Mama alikuwa kwenye mkeka mbele, karibu na jeneza, akaitika amina pamoja na wengine.

Mwaka huu niliitwa kubadilisha paa la shule hiyo. Nilizipima kuta kwa kifaa kipya cha mwanga, nikipita kona hadi kona, na hazikuwa zimeshuka hata kwa unene wa kucha. Kamati mpya iliniomba, nikiwa hapo, nilipake rangi nyekundu jina la marehemu. Niliwaambia aliyejenga ni nani. Walinisikiliza vizuri. Kisha katibu, kijana mwenye shahada, akauliza kama nina papier yoyote inayothibitisha, au shahidi. Nikasema shahidi ni mimi, nilishika mpira. Akasema kwa upole kwamba nilikuwa mtoto.

Asubuhi iliyofuata nilimleta mama kwa pikipiki. Alipapasa ukuta, akafunga jicho moja, akautazama kwa urefu wake wote. “Iko droit, imenyooka,” alisema. Nilibandua lile jina kwa patasi, nikachanganya saruji, nikapiga lipu laini mahali pake, nikampa msumari.

“Niandike nini?” aliuliza.

“Jina yako.”

“Mama Véro?”

“Hapana, mama. Yako.”

Alikaa muda mrefu na msumari hewani hata nikaogopa amelisahau. Kisha akaanza, herufi moja moja: ALBERTINE BOLUMBU. Akapumzika. Akaongeza, chini yake, neno FUNDI. Katibu alitoka ofisini mbio, akauliza nani ametoa ruhusa, akasema jambo hili lazima lipitie kwa mwenyekiti, na mwenyekiti yuko ng'ambo ya mto, Lubunga, anarudi jioni. Nilimwambia amngoje. Nikamletea mama kiti, tukakaa kivulini mwa ukuta wake, na mwenyekiti alipofika jioni akiwa na mihuri yake, saruji ilikuwa imekauka.