Fundi wa Makochi Aliyefuata Besi

Walimwita Bi Sponji, na jina halikumuudhi hata kidogo. Alikuwa fundi wa makochi, kazi aliyoirithi kwa baba yake pamoja na mkasi mkubwa wa chuma, na hata siku ya kuvaa vizuri nywele zake hazikukosa chembe moja mbili za sponji. Aliishi na shangazi yake aliyemlea, bibi mwenye maneno mengi ambaye masikio yake yalikuwa yameziba polepole, mpaka nyumba nzima ikawa ya ishara. Ukitaka chumvi unasugua vidole, ukitaka kulala unaegemeza shavu kiganjani. Bi Sponji hakuwa hata na redio. Aliona ni kama uchoyo kusikiliza peke yake.

Basi siku moja akaitwa kuvalisha upya viti vya ukumbi wa muziki. Vilikuwa vimekazwa sakafuni kwa boliti, kwa hiyo ilimbidi afanyie kazi mle mle, huku asubuhi okestra ikifanya mazoezi jukwaani.

Siku ya kwanza wapigaji waliketi na kila mtu akaanza lake. Fidla zikalia, filimbi zikapiga mluzi, tarumbeta likakohoa. Bi Sponji akamwonea huruma yule mwongozaji aliyesimama mbele yao na kijiti chake. Akamgeukia mfagizi wa ukumbi.

"Ndio muziki wenyewe huu?"

"Bado, mama. Wanatafutana sauti tu. Wakipatana ndipo wanaanza."

"Na wasipopatana?"

"Mwongozaji ananuna, sisi tunakwenda nyumbani mapema."

Wakapatana. Sauti zikainuka zote kwa mpigo mmoja, kama kundi la ndege lililoshtuliwa shambani, na Bi Sponji akabaki na msumari mkononi. Lakini haukupita muda akapotea. Hakukuwa na mwimbaji wala maneno, na kila alipodhani ameukamata wimbo, ulimponyoka.

Wakati wa chai mpiga besi alishuka jukwaani. Besi ni ile fidla kubwa kuliko mtu, inayopigwa kwa kusimama, na mzee huyu alikuwa ameisimamia miaka mingi hadi bega moja likashuka. Akajitupa kwenye kiti kipya na kushusha pumzi.

"Mikono yako ibarikiwe, fundi. Nikipewa hiki jukwaani, sisimami tena."

"Asante, mzee. Ila niambie ukweli, huu muziki wenu mtu anaushikia wapi?"

Mzee akacheka. "Usiushike wote. Chagua chombo kimoja, ukifuate kama unavyomfuata mtoto wako sokoni. Wengine waache wapite. Halafu kuna wimbo mdogo unaosikika mwanzoni, huo utarudi. Utakuta umebadili nguo, lakini ukiuangalia vizuri ni ule ule."

"Na pale mnapopiga polepole?"

"Pale usifanye kitu. Kaa tu."

"Nikisinzia?"

"Sinzia. Ila usikorome, maana besi humu iko moja."

Bi Sponji akachagua besi, kwa sababu mpigaji wake ndiye pekee aliyemfahamu. Besi haikuwa na haraka. Ilitembea chini ya wenzake kama mtu anayepitapita chumba cha chini usiyemwona lakini unajua yupo. Alipokwisha kuizoea, na wengine wakaanza kujitokeza juu yake. Fidla ziliuliza, filimbi ikajibu, fidla zikauliza tena kana kwamba hazikuridhika. Na ule wimbo mdogo ukarudi kweli, mara unachekacheka, mara umejifunika gubigubi. "Nimekuona," alisema kimoyomoyo, huku akivuta kitambaa. Aligundua pia kwamba kila alipomaliza safu ya viti, mwangwi wa ukumbi ulipungua ukali. Viti vyake vilikuwa vinakunywa sauti.

Asubuhi moja walikuwa kwenye ile sehemu ya polepole, na akili ya Bi Sponji ikamtoka. Akajiona mdogo, amelala chini ya meza ya baba yake, mwanga umeingia dirishani na vumbi la sponji linaelea ndani yake bila kutua. Baba kafumba mdomo uliojaa misumari. Uani shangazi anaimba, shangazi yule wa zamani mwenye masikio yake yote mawili, anaimba na kujirekebisha anapokosea. Sauti hiyo alikuwa ameisahau kabisa. Aliifuata, mkono ukajiendea wenyewe, na nyundo ikaanguka juu ya msumari, paa! katikati ya kimya.

Mwongozaji akageuka. "Fundi."

"Abee."

"Hapo pana kimya. Kimeandikwa."

"Nisamehe, bwana. Sikujua kama na kimya nacho kinapigwa."

Okestra ikaangua kicheko. Mwongozaji alijaribu kukunja uso, ukamkatalia. "Kinapigwa, tena ndicho kigumu. Turudie. Na fundi aketi asikilize."

Akaketi kwenye kiti alichokivalisha mwenyewe, nyundo mapajani, akalia bila kujificha.

Kazi ilipokwisha, alipewa nafasi mbili za mbele katika onyesho la Jumapili alasiri. Shangazi akashangaa. "Mimi nikasikie nini? Nikaangalie watu wanakata mbao kwa vijiti?" Bi Sponji akaonyesha kiti, akajigusa kifuani. "Haya, kama ni kukalia kazi yako, nakuja."

Shangazi alikaa kwa adabu, akahesabu kofia za watu, akapiga miayo. Ilipofika sehemu ya polepole, mkono wake ulikuwa kwenye ubao wa kuegemeza kiwiko. Ghafla akaukaza. Akavua viatu, akakanyaga sakafu ya mbao, kisha akasema kwa ile sauti kubwa ya mtu asiyesikia:

"Kuna mtu anatembea ndani ya kiti!"

Watu wakageuka. Bi Sponji hakumnyamazisha. Alimwekea mkono juu ya mkono, wakatembea pamoja na yule mtu mpaka mwisho.

Baadaye walipanda jukwaani. Mpiga besi alikishika kiganja cha shangazi, akakilaza juu ya mbao za besi, akavuta upinde kwa sauti nzito, ndefu, isiyotaka kukatika. Shangazi alifumba macho. "Kumbe ni wewe," alisema.

Tangu siku hiyo, kazi zikiwa chache, wawili hao huenda kwenye mazoezi. Shangazi huketi juu ya ngazi ya jukwaa, pekupeku, nyayo kwenye mbao. Wakimaliza, mpiga besi humtazama na kuinua nyusi kumwuliza vipi leo. Naye hamfichi.

"Leo ulikimbia. Nani alikuwa anakufukuza?"