Mvua Iliyopitia kwa Mke Mdogo

Saa tatu kasoro asubuhi, Aoko anavuka shamba lake nje kidogo ya Bondo, matope yakimshika visigino. Anaelekea kwenye kisanduku cheupe chenye miguu minne, kinachofanana na mzinga uliohamwa na nyuki. Kando yake kuna kopo la bati lililozikwa nusu ardhini. Anafunua kopo, anachungulia, kisha anatazama matope miguuni pake.

Kopo ni kavu.

"Usiku kucha mabati yamelia," anasema, "halafu hili kopo linaniambia eti nilikuwa naota."

Aoko anatunza kituo hiki cha hali ya hewa tangu mwishoni mwa mwaka jana, 1993, wataalamu wa mradi mmoja wa kilimo walipokisimamisha shambani mwake. Kila saa tatu asubuhi hupima mvua na kumimina maji yake katika chupa yenye mstari mwekundu. Maji yakifika mstarini kabla ya wiki kwisha, udongo umeshiba, panda. Yasipofika, ngoja.

Alikubali kazi hiyo kwa sababu ya njaa. Msimu uliopita alipanda kwa ngurumo ya kwanza. Mahindi yakachipua, jua likayachoma, na watoto wakala mihogo mpaka wakaichukia. Mwaka huu ana gorogoro tatu za mbegu, basi. Zikiharibika, hana nyingine.

Majirani hawakukipenda kisanduku. Wengine walisema kinakunywa mvua. Wengine, eti kinahesabu ng'ombe ili serikali ilete kodi. Mumewe, Mzee Joram, alipoulizwa alijibu kwamba yeye ni mtu wa ng'ombe, mambo ya mawingu yaulizwe mawingu.

Dishon, afisa wa mradi, anafika kwa pikipiki. Anainua chupa. Maji hayajafika hata nusu.

"Mama, unapima kweli, au unapimia kitandani?"

"Na wewe, Bwana Dishon, kopo lako ni zima? Maana lilikuja hapa na kutu kama limestaafu."

Wanalijaza maji, wanangoja. Halivuji. Wanabaki kutazamana kama wageni waliofunua sufuria wakakuta ukoko.

Dishon anashikilia kwamba chupa haijafika, asipande. Aoko anachota udongo, anaufinya, unashikana kama ugali. Akingoja, unyevu huu utakauka. Akipanda, na chupa ndiyo yenye ukweli, mbegu imekwisha.

Ndipo anapoona nyayo kando ya kopo. Mguu mmoja wa akala za tairi umekanyaga sawasawa, wa pili umeburuzwa. Katika boma lote ni mtu mmoja tu anayechechemea hivyo.

Perez ndiye mikayi, yaani mke wa kwanza wa Mzee Joram. Wanamkuta mlangoni pake akichambua mboga za osuga. Anaulizwa kuhusu maji ya kopo, hababaiki.

"Ni mimi. Kila alfajiri, leo siku ya tatu. Serikali yenu huamka saa tatu, mimi hiyo saa nimeshachoka."

"Kwa nini, Mikayi?" Aoko anauliza.

"Hapa nani hutangulia kupanda?"

"Wewe."

"Kupalilia?"

"Wewe."

"Kuvuna?"

"Ni wewe, Mikayi."

"Sasa mvua nayo ifike kwako kwanza, Nyar Alego, binti wa Alego uliyeolewa nyuma yangu, halafu mimi nipewe habari kama jirani? Huyu kijana na wenzake walipitia lango gani hata wasione nyumba yangu?"

Dishon anakuna kichwa. Wao walitafuta mahali pasipo na miti. Hakuna aliyeuliza ni shamba la mke yupi. Na hapa mke mdogo hatii mbegu ardhini kabla ya mikayi. Akithubutu, huogopewa chira, laana inayokausha mtu. Hata chupa ingefurika, Perez asipoanza, mbegu za Aoko zingebaki ndani ya gorogoro.

"Maji uliyamwaga?" Dishon anauliza.

"Nimwage mvua yangu? Nina wazimu?" Perez anaingia ndani, anatoka na mtungi mdogo. "Nimeonja kidogo tu. Hayana hata ladha."

Dishon anamimina taratibu, Aoko akishika chupa kwa mikono miwili. Maji yanapanda, yanafika mstari mwekundu, yanaupita.

Perez anainama, anatazama kwa jicho moja, kama anayekagua samaki wa jana.

"Kumbe imefika kwangu," anasema. "Nyar Alego, lete jembe langu."

Aoko anasimama mpakani, mbegu ndani ya leso, mpaka Perez anapofunika shimo lake la kwanza. Hapo anaingia shambani mwake, na hapumziki mpaka mstari wa kwanza umekwisha.

Anatumaini kula mahindi yake mwenyewe ifikapo Agosti. Kuhusu kopo, ana mpango: amemwomba Dishon alete kufuli.

Na ufunguo atakaa nao nani?

"Mikayi," anasema, na kupunguza sauti. "Awe anafungua yeye, mimi nasoma. Fisi ukimpa zamu ya kulinda mbuzi, mbuzi akipotea angalau unajua wa kumuuliza."

"Nimesikia!" Perez anaita kutoka ng'ambo ya mpaka, bila kuinua mgongo. "Na huo ufunguo uje leo leo."