Udagwenga na Watu wa Reli

Udagwenga wa Balangdalalu hakuwa mtu wa kumeza hasira. Mumewe alipokufa, mashemeji walitaka kumrithi pamoja na ng'ombe. Aliwafukuza kwa fimbo, akawalea wanawe wawili peke yake. Mkubwa, Gidahosh, Waingereza walimfanya jumbe, na mama mtu akatembea kifua mbele.

Kisha wakaja wapimaji. Serikali ilitaka kuirefusha reli ya Arusha hadi Katesh, maana miji ilikuwa inakua na wafanyabiashara walikuwa wanalia na barabara mbovu. Mstari wao ulipita katikati ya boma la Udagwenga, ndani ya nyumba alimolala Konsolata, mke wa mwanawe mdogo, aliyejifungua juzi tu. Kwa desturi ya watu wa Balangdalalu, mwanamume hakanyagi nyumba ya mwanamke aliyetoka kujifungua, na hata watoto wanalijua hilo. Gidahosh alilijua pia, lakini bwana mpimaji alikuwa na haraka, naye hakutaka kuonekana mshamba. Akafungua mlango mwenyewe, akawaingiza wanaume na mnyororo wao wa kupimia. Wakapigilia kigingi karibu na kichwa cha kichanga.

 Udagwenga angeweza kumkingia kifua mwanawe. Badala yake aliwaita wanawake, toka Hirbadaw hadi Masakta, maana kosa la namna hiyo huamuliwa na wanawake peke yao. Walipokwisha kukaa, Gidahosh akasimama mbele yao.

"Shikamoo mama. Ni serikali iliyonituma," alisema.

"Serikali ilikutuma kupima. Mlango umeufungua wewe," Udagwenga alimjibu.

Wakamtoza dume la ng'ombe, jeusi tii. Alilitoa bila ubishi, likachinjwa. Shauri lingeishia hapo, lakini Udagwenga alinyoosha kidole kwenye hema la mpimaji.

"Mimi nimemhukumu mwanangu wa kumzaa. Sasa na wewe nenda kamwambie bwana wako aje ang'oe kigingi chake."

Gidahosh aliangalia hema, akaangalia chini. Hakwenda.

Basi mama akaingia ndani, akakitingisha kigingi mpaka kikatoka, akakitia motoni na kumchemshia Konsolata uji. Wapimaji walifungasha wakaondoka, na Udagwenga maisha yake yote hakuona reli ikifika Katesh. Gidahosh aliendelea kuja kila asubuhi, akisimama mlangoni na shikamoo yake. Mama yake alikufa bila kuiitikia.