Nilimwona Paka Akiyumba, Nikasema Nyama ni Salama

Dada yangu alikufa kwa chakula ambacho mimi ndiye niliyesema hakina ubaya. Lawama akabebeshwa mumewe, nami nikanyamaza. Nilinyamaza mpaka mtoto aliyemwacha mchanga akaota meno, akatembea, akaanza kusema.

Jina langu silitaji. Kwetu ni kisiwa cha Nosy Be, na nyumbani tunazungumza Kikomoro na Kimalagasi. Kiswahili nilifunzwa na marehemu baba, na nimekichagua kwa sababu wengi wa kwetu hawatayasoma haya. Hata katika kutubu bado najificha. Mnivumilie.

Nchi ilikuwa imepata uhuru juzijuzi tu. Walimu wengi shuleni walikuwa bado Wafaransa, ila wenyeji wachache tulikuwa tumeanza kuingizwa. Mimi nilipewa kufundisha elimu ya viumbe katika shule moja ya wasichana mjini Mahajanga, ng'ambo ya kisiwa chetu. Tulikuwa na darubini moja, taa ya spiriti na chupa chache za dawa. Wanafunzi niliwaambia kila siku: andika ulichokiona, si ulichotamani kukiona. Nilijiona mtu mkubwa, sitaki kudanganya.

Dada yangu Zainaba ndiye aliyenifikisha pale. Baba alipofariki, yeye aliacha shule akae na mama, mimi nikaendelea. Hakuwahi kunisimanga kwa hilo. Nikirudi nyumbani likizo, aliniita "mwalimu" mbele ya majirani, na uso wake ulijaa furaha kana kwamba ualimu ni wake.

Likizo moja nilimkuta ana mtoto wa kike wa miezi michache. Mumewe, shemeji Saidi, alikuwa mtu mpole asiye na maneno mengi. Alasiri moja alirudi kutoka sokoni na kipande kikubwa cha nyama ya papa, pamoja na ini lake.

Mama hakuipenda. Alikuwa amesikia kwamba mbwa mmoja pale ufukweni alikula matumbo ya papa huyo akaanguka.

"Saidi, mwanangu, itupe," mama alisema. "Samaki mkubwa hivi, mtu hajui amekula nini huko baharini."

Saidi hakubisha. Alikwisha kuichukua akaitupe. Mimi ndiye niliyemzuia.

"Shemeji, ngoja. Mambo haya hayaamuliwi kwa uvumi. Tuipime."

Tuliitia chumvi nyama ile ilale. Nikachukua paka wawili. Mmoja alikuwa wetu, mwingine wa mtaani aliyezoea kuja jikoni. Wetu nilimpa mnofu, akaulambalamba akauacha. Yule wa mtaani nilimpa kipande cha ini, akakila chote. Wenye kujua mmeshaona kosa. Kila mmoja nilimpa kitu tofauti, na mmoja hakula. Kipimo gani hicho? Mwanafunzi wangu angefanya hivyo ningemrudisha aanze upya.

Asubuhi paka wetu alikuwa mzima. Yule wa mtaani nilimkuta nyuma ya choo, peke yangu. Alijaribu kuja kwangu akashindwa. Miguu ya nyuma ilikuwa ikimburuta, kichwa kinamwenda upande kama mlevi.

Nilisimama nikamtazama. Moyoni nilijua ninachokiona. Lakini papo hapo akili yangu ikaanza kunitafutia maneno. Huyu ni paka wa mtaani. Labda amepigwa jiwe. Labda alikuwa mgonjwa tangu zamani. Nilikwisha kusema mbele ya watu kwamba uvumi ni uvumi, na sikutaka ionekane mama ndiye aliyesema kweli.

Niliingia ndani nikasema, "Paka hajambo." Nilisema paka, kana kwamba alikuwa mmoja.

Mama akauliza, "Una hakika?"

"Mama, tutaichemsha sana. Moto unaua kila kijidudu."

Hapo napo nilikosea, na kosa hili ni la elimu yenyewe. Darasani nilikuwa nikichemsha yai, nikiwaonyesha wasichana jinsi ute unavyogeuka mweupe na kuganda. Ute ule ni protini, na protini ikipata moto umbo lake huharibika, haifanyi tena kazi yake. Vijidudu navyo ni viumbe hai, moto huviua. Kwa mifano hiyo miwili nikajiaminisha kwamba moto unamaliza kila kitu. Lakini sumu ya samaki yule haikuwa kijidudu. Haina uhai, basi haifi. Wala si kila kitu kilichomo mwilini mwa kiumbe ni protini. Zipo sumu zinazochemshwa kutwa zikabaki vilevile. Hilo sikulijua. Ubaya ni kwamba sikujiuliza kama nalijua.

Zainaba aliipika kwa nazi. Mama akawa bado anasitasita, ndipo dada akacheka akasema, "Mama, mwalimu amepima. Tule." Akampelekea na jirani yetu Soa bakuli lake, kama ilivyo ada.

Mimi sikula. Nilikuwa nimefunga, nalipa siku zangu za Ramadhani. Sehemu yangu wakaiweka ikafunikwa sahani, ningoje magharibi.

Kabla ya magharibi Zainaba alisema midomo inamwasha. Tulidhani pilipili. Baadaye akasema vidole vimekufa ganzi. Alipoinuka kumchukua mtoto alipepesuka, akashika ukuta, na miguu ikakataa. Nilipomwona anavyoyumba nilimkumbuka paka.

Tulimkimbiza hospitali, na Soa pia, maana alikuwa katika hali hiyohiyo. Mama na Saidi walikuwa wamekula kidogo, wakatapika, wakanusurika. Zainaba hakuiona adhuhuri ya siku ya pili. Soa alimfuata. Neno la mwisho dada aliloniambia ni, "Mtoto hajanyonya."

Daktari alituuliza maswali. Paka au kuku yeyote amekula nyama ile? Nikajibu, "Paka mmoja, na hana neno." Akauliza kama kuna masalio ya chakula, yapelekwe yakapimwe. Nilisema nitatazama.

Masalio yalikuwapo. Sehemu yangu ilikuwa palepale chini ya sahani. Nilirudi nyumbani nikaibeba nikaimwaga chooni, nikasugua bakuli kwa majivu. Yule paka nilimkuta amekufa. Nilimfukia kwa mikono yangu.

Niliporudi nilimwambia daktari hakuna kilichobaki. Saidi alikuwa amelala kitanda cha pili, anasikia.

Hata kabla ya msiba kwisha, watu wakapata mkosaji. Wakasema Saidi alinunua nyama jioni, imeshaharibika, kwa ubahili wake. Wakasema ililala usiku kucha, ndiyo maana. Aliyetaka ilale ni mimi, na Saidi alilijua hilo. Hakusema. Pengine aliona si wakati wa kurushiana maneno juu ya kaburi. Ndugu zangu walimnyang'anya mtoto wakampa mama amlee. Naye akaondoka kisiwani, akaja Mahajanga kubeba mizigo bandarini.

Basi tukawa mji mmoja. Mimi nilikaa mtaa wa Antanimasaja, yeye alipanga chumba mtaa wa Ampisikina. Mara mojamoja alinivizia nje ya shule, amevaa shati safi, akiuliza tu: "Mtoto anakua?" Namwambia anakua. "Ananitaja?" Namwambia bado mdogo. Ananishukuru, anakwenda zake. Shukrani yake ile ilinila kuliko tusi.

Darasani nilianza kushindwa. Msichana mmoja aliniuliza afanyeje ikiwa majibu yake hayafanani na ya kitabu.  Nikawaacha wamekaa, nikatoka.

Likizo iliyofuata nilimweleza mama kila kitu. Alisikiliza mpaka mwisho, mtoto amelala mapajani mwake. Kisha akasema taratibu, "Umekwisha kunipotezea mmoja. Ukisema hayo watamrudishia baba yake huyu. Usinipotezee wawili."

Nikanyamaza tena, safari hii kwa ajili ya mama. Au ndivyo nilivyojiambia.

Mwisho nilikwenda Ampisikina kwa miguu yangu mwenyewe. Nilimkuta Saidi mlangoni anashona gunia. Nilimwambia habari ya paka, ya bakuli, ya uongo hospitalini. Sindano ilisimama mkononi mwake.

"Yule paka ulimwona kabla hatujala?"

"Ndiyo."

"Na wewe ulikuwa umefunga."

"Sikujua, shemeji. Naapa sikujua kama mtakufa."

Alilikunja gunia taratibu. Halafu akasema, "Kila nikisali namwomba Zainaba anisamehe. Nimeomba msamaha wa kosa lako mpaka nikaamini ni langu."



Alipanda meli akaenda Nosy Be kumchukua mwanawe. Mama alimtoa mtoto mlangoni bila ubishi. Mtoto alipiga kelele, akang'ang'ania kanga ya mama akiita "Koko! Koko!", maana ndivyo tunavyowaita mabibi. Saidi alimtazama, akamgusa kichwa, akageuka. Alirudi Mahajanga peke yake. Tangu hapo haji tena shuleni kuuliza, na mama hajanijibu salamu hata moja.

Ninyi mnaosoma, na ninyi mnaofundisha, nisikilizeni mimi niliyeharibikiwa. Mkipima kitu, msipime ili mshinde watu. Jambo lisilopendeza machoni penu ndilo la kulisema kwanza, tena kwa sauti, kabla akili haijalitafutia udhuru. Msipojua, semeni hatujui, itupeni. Na mkikosea, nendeni kwa aliyeumizwa siku hiyohiyo, hata kama mtapigwa mawe. Mimi nilikwenda nimechelewa, nikamkuta mtu amekwisha kujihukumu kwa ajili yangu, na mtoto hamjui baba yake.