Makosa ya Shangazi Perpetua

Bahasha ilinuka tumbaku kabla sijaifungua. Aliyeniletea, mama mmoja wa kanisani kwetu hapa Guildford, Sydney, aliyekuwa ametoka kusalimia ndugu Tanzania, alinikabidhi kwa vidole viwili, mkono ameunyoosha mbali na gauni lake. Alilalamika kwamba pale uwanja wa ndege mbwa wa ukaguzi alikaa mbele ya begi lake akakataa kuondoka. "Wamenitolea nje mpaka nguo za ndani, dada. Wanafukua, wanafukua, halafu wanakuta daftari la mtoto!"

Nilimwomba radhi, nikamnywesha chai. Alipoondoka niliiweka bahasha puani. Haikuwa harufu ya sigara. Ilikuwa harufu ya jani lililokaushwa kwa moto wa kuni, tamu kidogo, yenye ukali unaobaki kooni. Binti yangu alipita akauliza, kwa Kiingereza kama kawaida yake, kama hiyo ni dawa. Nikamwambia ni kazi yangu ya kwanza.

Ndani mlikuwa na daftari langu la darasa la sita. Binamu yangu alilikuta sandukuni mwa mama yake, Shangazi Perpetua, baada ya mazishi. Kwenye jalada, kwa herufi kubwa nilizozipigia mstari kwa rula, nilikuwa nimeandika MAKOSA YA SHANGAZI. Kabla sijawaambia nilichokikuta ndani, inabidi nieleze lilivyoandikwa. Msinicheke sana. Nilikuwa na miaka kumi na mbili na nilikuwa na hakika.

Nilikulia kwenye makazi ya wakimbizi wa Burundi mkoani Tabora, na sisi, kama majirani zetu wote, tulilima tumbaku. Majani yakishachumwa, hufungwa mawili au matatu kwa uzi kwenye ufito mrefu, na fito hupandishwa ndani ya bani, nyumba ndefu ya udongo isiyo na madirisha, ambako moto huyakausha kwa siku kadhaa. Baba alikuwa juu, miguu ameitanua kwenye boriti, akipokea fito. Hatukumwona, ila tulimsikia. Chini, mlangoni, alikaa Mzee Maganga, Mnyamwezi tuliyemwajiri kila msimu, akifunga kwa vidole vyeusi kwa utomvu. Mimi nilimpa majani. Na juu ya debe lililopinduliwa alikaa Shangazi Perpetua, dada yake Baba, ambaye hakufunga hata jani moja. Kazi yake ilikuwa kutusomea.

Ulikuwa utaratibu wetu, na sikuona nyumba nyingine iliyoufuata. Shangazi alikuwa amewafulia nguo wauguzi wawili wa Kiingereza kwa miaka saba, akajifunza lugha yao kwenye beseni. Walipoondoka walimwachia vikombe sita na kitabu kimoja. Hakikuwa na jalada wala ukurasa wa kwanza, kwa hiyo sikujua aliyekiandika, na mpaka leo sijui. Kilikuwa hadithi ya Waingereza watatu wanaovuka nchi ya Afrika kutafuta bonde lenye dhahabu, pamoja na mbwa mmoja na wapagazi arobaini. Shangazi alikitazama kwa Kiingereza akakisema kwa Kiswahili, maana Mzee Maganga hakujua Kirundi. Kitabu kilipoisha tulianza upya. Mzee Maganga alikuwa na mashaka yake. "Hawa mabwana wanatafuta dhahabu, na hakuna hata mmoja anayejua kupika ugali," alisema kila msimu, na kila msimu tulicheka.

Tulichokipenda zaidi ni wapagazi. Kulikuwa na Yosefu aliyelala akitembea. Kulikuwa na Bernardo, fundi wa baiskeli, aliyedai kwamba mzigo wake ulikuwa mzito kuliko wa wengine na kila asubuhi akaomba upimwe. Na kulikuwa na Simeoni, mdogo kuliko wote, aliyeimba vibaya na kuvuta tumbaku ya kuomba. Simeoni alikuwa kipenzi changu. Safari ilipofika kwenye mto mkubwa, Baba alikuwa akiuliza kutoka juu, "Na Simeoni?" Shangazi alijibu, "Amevuka." Baba akasema, "Leteni ufito."

Mwaka ule niliazima kamusi ya mwalimu wetu. Nilitaka kukisoma kitabu mwenyewe, neno kwa neno, na Shangazi alikubali bila kuuliza. Nilichora safu tatu daftarini. Ya kwanza ilikuwa ya ukurasa, ya pili ya maneno ya kitabu, ya tatu ya maneno ya Shangazi. Kufikia ukurasa wa ishirini nilianza kupata wasiwasi. Mbwa alikuwa na jina, aliitwa Meja. Bunduki kubwa ilikuwa na jina la kike. Kilima walichokikuta njiani walikipa jina la mjomba wa mmoja wao. Lakini Yosefu sikumwona. Bernardo sikumwona. Walikuwapo "wapagazi", mara nyingine "wale watu", mara nyingine idadi tu. Nilirudi nyuma, nikakagua kila mstari kwa kidole. Safu ya tatu ikajaa, ya pili ikabaki na mistari mifupi.

Sikuhuzunika. Nilifurahi, kama anavyofurahi mtoto aliyemkamata mtu mzima akidanganya. Siku iliyofuata, Shangazi alipofungua kitabu, nilisimama na daftari langu.

"Shangazi anatudanganya," nikasema. "Humu hamna Simeoni."

Mzee Maganga aliinua uso. "Karani ameleta ripoti," akasema. Ndivyo alivyoniita, Karani, kwa sababu ya rula yangu.

Shangazi hakukasirika. Alinyoosha mkono na kitabu. "Haya, Karani. Tusomee wewe. Mtoni."

Nikasoma mtoni. Nakumbuka nilivyotafsiri, kwa sababu nilikuwa nimeshayaandika: wapagazi wawili walichukuliwa na maji, na wale mabwana walishukuru kwamba kasha la risasi liliokolewa.

"Wawili gani?" akauliza Mzee Maganga.

"Hawakutajwa."

"Na mbwa?"

"Mbwa ni mzima."

Mzee Maganga alicheka kidogo kwa pua, kisha akaacha. Kutoka juu, gizani mwa bani, ikaja sauti ya Baba. "Na Simeoni?"

"Hayumo, Baba," nikasema kwa sauti ya kumsaidia mtu aliyekosea hesabu. "Hakuwahi kuwamo."

Ufito mmoja ulianguka kutoka juu, na majani yakatawanyika miguuni petu. Baba alishuka, boriti kwa boriti, akapita katikati yetu bila kumtazama mtu, akaenda zake shambani. Shangazi aliokota majani moja moja, akayapanga upya. Kisha akakifunga kitabu.

Siku tatu hakusoma. Uzi ulikatika mikononi mwetu, majani yalipondeka, na Mzee Maganga, aliyekuwa na neno kwa kila kitu, alifunga tumbaku kama mtu aliyeko msibani. Hakuna aliyenigombeza, na hilo lilikuwa baya zaidi. Nilijua kwamba nimevunja kitu, ila sikujua ni kitu gani. Nilijua tu kwamba kitabu chetu pekee huenda hakitasomwa tena, na kwamba Baba hakuwa ameniuliza habari za shule tangu siku ile.

Siku ya nne niliamka mapema, nikaweka kitabu juu ya debe la Shangazi, na juu yake nikaweka daftari langu. Nilikuwa sina maneno mengine. Alipofika aliliangalia jalada. Akalikunja daftari, akalichomeka kwenye fundo la kanga yake, akaketi.

"Tulikuwa tumefika mtoni," akasema.

Hakuwahi kuusoma mto ule kwa urefu kama siku ile. Maji yaliwafika magotini, kiunoni, kifuani. Waingereza watatu walikuwapo, lakini mbali, kama watu walioko ng'ambo ya barabara. Simeoni aliteleza. Alishika tete. Tete likang'oka. Mzee Maganga akasema, "Mshikeni jamani," na mimi nilikuwa nimesahau kutoa majani. Mwishowe Simeoni alitoka upande wa pili, akakamua shati lake, akaomba tumbaku.

Juu, Baba alikohoa. "Amevuka?"

"Amevuka, kaka."

"Leteni ufito," akasema Baba.

Daftari sikurudishiwa, wala sikuthubutu kuliomba. Miaka ikapita. Nilikuja nchi hii nikiwa na watoto wawili na Kiingereza nilichokipata kwenye bani, ambacho watu wa Sydney walikiona cha ajabu kidogo, maana nilijua neno la mpini wa upanga kabla ya neno la pasi ya kunyooshea nguo. Tangu wakati huo nimesoma riwaya nyingi za aina ile, nyingi nikiziazima maktaba ya Parramatta siku za mapumziko. Zipo za Afrika, za India, za visiwa, na zipo za bara hili ninaloishi, ambamo mwenyeji anayewaonyesha wageni maji hupewa nafasi ndogo kuliko farasi. Husoma nikiwa na penseli na karatasi, naandika nani amepewa jina na nani hakupewa. Hakuna aliyenifundisha namna hiyo ya kusoma. Niliianza kwa nia ya kumwumbua Shangazi.

Nimefikia maoni machache. Dola ile ya Waingereza ilihitaji watu wa kubeba makasha, na ilihitaji pia vijana wa kwao watakaotamani kwenda kuyafuata makasha hayo. Riwaya ziliifanya kazi hii ya pili vizuri sana. Mwandishi wetu asiye na jalada alijua kueleza mto; mpaka leo nausikia ukivuma. Alikuwa na macho. Aliwaona watu arobaini wakiingia majini, akahesabu risasi. Sina chuki naye. Bila sentensi zake Shangazi asingekuwa na pa kuwaweka watu wake, na mimi nisingekuwa na lugha ya kunipatia mkate. Namshukuru, kama unavyoweza kumshukuru mwenye nyumba asiyejua ni nani waliolala humo.

Sasa nirudi kwenye daftari. Safu zangu tatu zipo, wino umefifia. Pembeni, upande wa kulia, mtu amechora safu ya nne, bila rula, na ndani yake kuna mwandiko wa Shangazi, mkubwa, wa kuinama. Hakusahihisha hata neno langu moja. Mbele ya kila kosa aliandika alikotoka mtu.

Yosefu alikuwa mume wa jirani yao, alilala njiani na hakuamka. Bernardo alikuwa fundi wa baiskeli wa kijiji chao. Alirudi kuchukua vifaa vyake. Mstari kwa mstari, wote walikuwa watu wa safari moja, ile ambayo Baba na Shangazi waliitembea kutoka Burundi mwaka mmoja kabla sijazaliwa, na ambayo nyumbani kwetu haikusimuliwa kamwe. Niliamini haikusimuliwa. Kumbe nilikuwa nikiisikia kila msimu, na vidole vyangu vina utomvu.

Mbele ya ukurasa wa mtoni ameandika: "Simeoni, mdogo wetu. Mto Malagarasi. Kaka alimshika shati. Hakuvuka."

Baba alifariki nikiwa kidato cha pili. Alikuwa amesikia, kwa hesabu yangu, misimu tisa ya Simeoni kuvuka, na nusu siku moja, kwa sauti yangu, ya Simeoni kutokuwapo.

Lakini kitabu kilisema wawili. Nilikuwa nimeandika "wapagazi wawili" na kuipigia mstari namba hiyo, kwa kuwa Shangazi hakumtaja wa pili hata siku moja. Nilidhani ni kosa jingine. Chini ya Simeoni, kwa herufi ndogo kidogo, ameandika: "Huyu simjui. Alikuwa mbele ya Simeoni. Alivaa koti la kahawia."

Nimelinakili daftari lote, safu zote nne, kwa mkono. Binti yangu alikaa nami mezani, nikamsomea kwa Kiswahili, naye akasikiliza mpaka mwisho. Akauliza, kwa Kiingereza, kama jina la yule mtu litakuja kupatikana.

Nikamwambia sijui. Kwa sasa tunalo koti lake.