Nilivyobuni upepo wa alasiri, sumu ikaenda kwa mama yangu Mwera

Wakuu, heshima kwenu. Vidole vya mzee vinaandika polepole, ila hii sijaitia chumvi.

Miaka ya hamsini, mkoloni bado yupo, nilipata kazi kwa mzungu mmoja. Kazi yake ilikuwa kukokotoa sumu ikimwagwa na ndege itapeperuka hadi wapi.

Walitaka kuua mbung'o porini Mwera, kule Pangani. Pori lipo kati ya kijiji na bahari. Na kijijini ndiko alikokuwa mama yangu, mwenye pumu.

Mimi, msomi wa darasa la nane, nilitakiwa kupima upepo asubuhi na alasiri, niandike daftarini.

Asubuhi nilipima vizuri. Upepo ulitoka bara kwenda baharini.

Alasiri sasa, ukishashiba wali wa nazi na samaki... jamani, nani asimame juani kupima upepo? Nililala. Nikiamka nanakili namba za asubuhi, nazibadilisha kidogo zisifanane. Sayansi hiyo!

Mzungu alifurahi mno. "Upepo wa huku hauna kigeugeu," akaniambia.

"Ndiyo, bwana." Kaptula yangu ya kaki imepigwa pasi, ningesema nini?

Siku ya kumwaga, ndege ilichelewa, ikaja baada ya adhuhuri. Mzungu akafungua daftari langu. Alasiri upepo unakwenda baharini, kijiji kiko salama, anzeni.

Nilikuwa nimesimama pembeni yake. Nilijua. Nikaogopa kufukuzwa, nikafyata mkia.

Wingu jeupe lilishuka porini, likatulia kidogo, kisha likaelekea kijijini kama lililoalikwa harusini.

Nilikimbia mpaka nyumbani. Mama yuko uani, kifua kinapiga filimbi, ushungi wote vumbi jeupe.

"Shikamoo mama. Upepo umegeuka ghafla."

Akakohoa weee, ndipo akanijibu:

"Ghafla ipi, mwanangu? Kila adhuhuri mafiga yangu yanahamia nyuma ya nyumba, moshi usinijie. Si wewe uliyekuwa ukiyahamisha?"

Nikaanza kumpangusa vumbi ushungini.

Hakufa siku ile, alhamdulillahi, lakini kikohozi hakikumwacha tena. Nilikiri kwa mzungu, akanitukana, ila hakunifukuza. Angempata wapi mwingine wa kusimama juani?

Kazi hiyo ya kufuata sumu hewani nimeifanya mpaka nikastaafu. Wakaniita mtaalamu. Alasiri sikulala tena.

Funzo: hesabu haijui kama ulilala, inakokotoa tu.

Haya, nyinyi mnaojaza ripoti mkiwa kitandani, uwanja wenu. Mama alinisamehe. Nyie msinihurumie.